Kiingereza cha kutegana vitendawili

Kiingereza cha darasani kina shida moja kubwa, hakichekeshi. Mtoto kamaliza la saba, wengi wao kila kitu wamesoma kwa Kiswahili, anaingia form one anakuta baiolojia Kiingereza, jiografia Kiingereza, na Kiingereza chenyewe anafundishwa kwa kukaririshwa tenses ubaoni. Utampendaje mtu ambaye kila mkikutana anakukaripia tu?

Mi nina kikundi kidogo cha tuisheni hapa mtaani, jioni jioni, na siku hizi utani kwanza grama baadaye.

Tulianza na ile ya "Knock knock", yaani hodi hodi. Hii ina kiitikio kama vitendawili vyetu, mmoja akisema "Knock knock" mwenzie lazima ajibu "Who's there?", asipojibu hakuna mchezo, ni kama umesema kitendawili halafu mtu anakutumbulia macho badala ya kusema tega. Basi mmoja anasema "Lettuce", yaani yale majani wanayoweka kwenye baga, mwenzie anauliza "Lettuce who?", anajibiwa "Lettuce in, it's cold out here!" Hakuna aliyecheka. Nikawaambia hebu liseme haraka haraka bila kuwaza spelling, wakarudia rudia mpaka mmoja akapiga kelele "let us in! let us in!", yaani tufungulie tuingie, na darasa zima likaelewa. Hapo ndo wanajua kwanini wakiangalia muvi hawaambulii kitu, Mzungu akiongea haachi nafasi kati ya neno na neno kama kwenye daftari.

Na ule uhuni wa spelling wanaoulalamikia kila siku, huku ndo mtaji wenyewe. "What's black and white and read all over?", ukisikia unadhani ni kitu cheusi na cheupe halafu chekundu kote. Jibu ni gazeti, maana read ya kusomwa na red ya nyekundu zinatamkwa sawa. Ila kwa Bongo hiki hakikolei sana, magazeti yetu ya michezo yamejaa wekundu kweli kweli, dogo mmoja akaniuliza sasa utani uko wapi hapo?

Kuna watu wanadhani vitendawili ni vya bibi zetu tu. Aisee, kule Exeter, Uingereza, kwenye maktaba ya kanisa kuu kuna kitabu kilichoandikwa kwa mkono cha karne ya 10, askofu Leofric aliyefariki 1072 ndo aliwaachia, kina vitendawili 90 na kitu na majibu hawakuandika! Kimoja kinasema mdudu kala maneno, mwizi wa gizani kameza maneno ya mtu mwenye hekima na hakuerevuka hata kidogo. Ni yule mdudu anayetafuna vitabu (nawajua na wenye miguu miwili). Halafu Kiingereza cha kitabu hicho ni cha kale mno, Mwingereza wa leo bila kufundishwa hatoki, na hiyo peke yake inawafariji sana hawa watoto.

Kilichowasumbua kuliko vyote ni cha St Ives. "As I was going to St Ives, I met a man with seven wives", yaani nikienda mji wa St Ives nilikutana na mtu mwenye wake saba, kila mke ana magunia 7, kila gunia lina paka 7, kila paka ana vitoto 7, je, wangapi walikuwa wanaenda St Ives? Wakakimbilia kalamu, 7, 49, 343, 2,401, wamejaza ukurasa mzima, kumbe jibu ni mmoja, mimi ninayesimulia, wale wengine nimepishana nao. Ukaanza ubishi, binti mmoja akasema "No sir, maybe they are slow, you found them on the road", yaani wanaenda hukohuko mimi nimewakuta njiani. Na ana hoja bwana, hiyo "met" haisemi walikuwa wameelekea wapi. Wakabishana kwa Kiingereza mpaka giza likaingia, na "I was going" na "I met" zilikuwa zinatoka zenyewe bila mtu kukumbuka kwamba hiyo ndo ile past continuous waliyoikimbia.

Wiki iliyofuata tukasoma ngano za Gotham, kijiji cha Nottinghamshire. Wanakijiji walisikia King John atapita kwao, wakahofia njia yake itageuzwa barabara ya umma, wakaamua wote kujifanya vichaa. Wajumbe wa mfalme wanafika wanakuta watu wanajenga uzio kumzuia ndege asiruke, wengine wanamzamisha samaki aina ya mkunga kwenye maji eti afe. Mfalme akapita kwingine. Hii kwa watoto waliokua na Abunuwasi haihitaji maelezo. Mwaka 1807 mwandishi Washington Irving akalichukua jina hilo kuwakejeli watu wa New York, likaganda, mpaka likafika kwenye katuni za Batman, mji anaoishi unaitwa Gotham. Na jina lenyewe kwa Kiingereza cha kale ni makazi ya mbuzi. Nilipowaambia Batman anaishi kwa mbuzi kipindi kikaishia hapo, hakuna aliyekuwa ananisikiliza tena.