Kumbe nyumba ya mama Kilifi inahesabiwa hapa Leicester

Swali lenyewe lilikuwa mstari mmoja tu kwenye fomu ya wakili: je, wewe au mwenzi wako mnamiliki nyumba popote duniani? Nikatia alama kwenye ndiyo bila kusita, tena kwa fahari. Nyumba ya Kilifi nimeijenga miaka tisa, chumba baada ya chumba, kwa pesa za zamu za usiku hapa Leicester. Hatimiliki ina jina langu. Anayekaa ni mama, na ule mkilifi alioupanda langoni sasa umelipita paa.

Jumanne msaidizi wa wakili akanipigia simu.

Nyumba tuliyoipenda ilikuwa ya pauni 280,000. Hapa England mnunuzi wa mara ya kwanza halipi ushuru wa stempu, ile kodi ya kununua nyumba, ikiwa bei haizidi pauni 300,000, kwa hivyo mimi na baba watoto tulikuwa tumeandika sifuri kwenye daftari letu. Kumbe hiyo mara ya kwanza ni popote duniani. Ukishamiliki nyumba Kilifi, Kisumu au Kigali, hata ya kurithi, msamaha huo huna. Na mkinunua wawili, mmoja akiukosa mmeukosa nyote. Baba watoto hajawahi kumiliki hata banda la kuku, naye amebebwa na jina langu.

Hapo ushuru wetu ukafika pauni 4,000. Hizo ningejikaza nikalipa. Lakini iko nyongeza ya asilimia 5 kwa mwenye nyumba nyingine, inayotozwa juu ya bei nzima tangu pauni ya kwanza. Nyumba hiyo nyingine inahesabiwa ikiwa sehemu yako imefika thamani ya pauni 40,000, yaani karibu milioni 7 za Kenya. Wakili akataka ripoti ya mthamini. Mthamini wa Kilifi akaandika milioni 9. Basi pauni 14,000 zikapanda juu ya zile 4,000. Elfu kumi na nane, na zilipwe ndani ya siku 14 baada ya kukabidhiwa nyumba. Ada ya wakili na VAT yake, ukaguzi wa jengo, usajili wa ardhi, vyote hivyo bado viko kando. Malipo yetu ya awali yalikuwa 28,000, akiba ya miaka sita.

Inaniuma kwa sababu nyumba ile si biashara. Haina mpangaji, haijawahi kuniletea hata shilingi. Mama alikuwa akilala kwenye nyumba ya makuti iliyovuja kila masika, akiamka usiku kusogeza kitanda, sufuria zimepangwa sakafuni. Mtoto gani angeacha hivyo? Nilipolipa ile asilimia 4 ya ushuru wa stempu wa kiwanja Kilifi, hakuna aliyeniuliza nina vingapi. Huku, kumtunza mzazi kunaandikwa sawa na mtu anayekusanya nyumba za kupangisha.

Na kuchelewa kumetuumiza. Kabla ya tarehe 31 Oktoba 2024 nyongeza ilikuwa asilimia 3, na viwango vya kawaida vilikuwa nafuu hadi mwisho wa Machi 2025. Nyumba hiyohiyo ingetutoza pauni 9,900. Tulikuwa bado tunaweka akiba.

Mwenzangu kazini akaniambia niandike hapana, nani atakwenda Kilifi kuangalia? Nikakataa. Tamko la kodi linatiwa sahihi yangu mimi, na sikuvuka bahari nije kuishi na uongo ulio kwenye faili. Ndugu zangu mnaopanga kuja, hili lifikirieni mapema, kabla ya kununua kiwanja. Kama nyumba ni zawadi ya mzazi, iwe yake kweli tangu mwanzo, hati kwa jina lake, mkijua kwamba siku ya mirathi ndugu wote watakuwa na haki. Kutumia jina lake huku mwenye mali ni wewe hakukusaidii. Na aliyekaa Uingereza chini ya siku 183 katika miezi 12 kabla ya kununua anaongezewa asilimia 2 nyingine. Binamu yangu aliye Glasgow asijidhani amenusurika; Uskoti nyongeza yao ni asilimia 8.

Yule dada wa ofisi ya wakili namshukuru. Alipiga mapema, mkataba haujafungwa, akarudia hesabu mara tatu polepole mpaka nikaelewa.

Tumeiacha nyumba ile. Tumepata nyingine ya pauni 230,000, kodi yake 13,600, chumba kimoja pungufu, bila bustani ya nyuma. Nilipomweleza mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mwanangu, kama hii ndiyo inayowazuia, iuzeni. Mimi nitarudi kwa makuti.” Nikamwambia asiliseme tena neno hilo. Ijumaa nimemtumia pesa za rangi ya madirisha.