Jinsi nilivyonyamazisha Volkswagen Beetle ya 1968 iliyokuwa ikilia mbele

Kila tuta kati ya Cheyo na Ng'ambo, gari lilikuwa linalia kwii-kwii mbele hadi watoto wakaanza kuliigiza. Fundi mmoja alitaka tubadilishe shokapu moja kwa moja. Mimi sipendi kununua kipuri kwa kukisia, na shokapu hizo za Beetle hapa Tabora huzikuti dukani hivi hivi.

Nikamwomba kijana aikandamize bampa, mimi nikalala chini nasikiliza. Nikamwagia maji raba za shokapu. Zingekuwa ndizo, sauti ingekatika kwa muda. Haikukatika. Ilitoka kwenye ekseli.

Beetle ya mwaka huo haina springi za kuzunguka mbele. Ina mabomba mawili yaliyolala sambamba, ndani yake kuna vyuma bapa vinavyojipinda gurudumu likipanda. Mikono ya magurudumu huzungukia kwenye ncha za mabomba hayo, na grisi huingia kwa nipo nne, yaani vichuchu vidogo vya kupampia grisi.

Nipo mbili zilikuwa zimeziba kabisa, grisi imekauka nyeusi kama lami. Nikazifungua, nikazilowesha kwenye mafuta ya taa, nikazichokonoa kwa waya. Halafu jeki, stendi, magurudumu yakaning'inia. Gari likiwa limekalia uzito wake, grisi haipenyi vizuri. Nikapampu grisi ya lithiamu hadi ile chafu, yenye vumbi jekundu, ikasukumwa nje kwenye sili, vile vizibo vya kwenye ncha za mabomba. Raba sikuzigusa, maana grisi ya kawaida huzilainisha zikaharibika.

Kelele zimekwisha. Usukani nao umekuwa mwepesi, jambo ambalo sikulitegemea.