Mngemfundisha na kunyamaza

Vikombe vya uji ni 40, na Jumanne vilirudi 37. Nilikuwa nimeinama pale barazani navihesabu mara ya pili, ndiyo maana nikaona miguu kabla ya uso. Ndala za bluu, ukanda mmoja umeungwa kwa waya.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu, mama."

"Sikai. Nimekuja kushukuru tu. Mtoto anasoma sasa." Akatulia kidogo. "Mngemfundisha na kunyamaza."

Na mimi, jamani, naandika hili huku nimejiziba uso kwa kiganja, nikamjibu: "Tutalifanyia kazi."

Tutalifanyia kazi! Kama mheshimiwa aliyeulizwa habari ya barabara kwenye mkutano wa hadhara. Miaka 19 nashika chaki, wa tatu huu naendesha baraza la jioni la kufundishia watoto kusoma, na mzazi kasimama mbele yangu na donge lake, nami nikatoa hilo. Akasema "haya", akamshika mwanawe mkono, wakaondoka. Nikarudi kwenye vikombe. Bado 37.

Wiki hii mdogo wangu kaolewa na baba watoto kaletewa barua ya uhamisho kwenda Singida, hayo nitayaandika siku nyingine. Kichwani mwangu kuna sentensi moja tu. Nikisonga ugali, naisikia. Ukumbini, wakati MC anaita meza ya shangazi za bibi harusi waje kutoa zawadi, mimi nimekaa nawaza: alisema "mngemfundisha" au "ungemfundisha"? Wingi au peke yangu? Sauti ilipanda mwishoni au ilishuka?

Kisa chenyewe nimekijua Jumatano kwa jirani yao, yule ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. (Mambo madogomadogo hapa nimeyageuza, msianze kubahatisha ni nani.) Jumapili usiku familia imekaa mkekani, wamemaliza kula. Simu ya mama ikalia mlio wa meseji. Binti akaichukua akasoma kwa sauti, kwa silabi, kama tunavyosoma hapa: "Nd-u-gu m-te-ja, re-je-sho la-ko li-me-pi-ta mu-da." Akasoma na kiasi. Baba akauliza, rejesho gani? Ukawa ndio usiku wenyewe. Baba hakujua kama nyumbani mwake mna mkopo, sembuse kausha damu, ile mikopo ya riba kali.

Sasa mnajua ni nani aliyempa yule mtoto kazi ya kusoma kila chenye herufi? Ni mimi. Wanaonifuata toka mwanzo mnakumbuka. Hatuna vitabu vya kutosha, vya hadithi ni 26 na saba havina jalada, kwa hiyo Ijumaa huwa nawaambia: mkifika nyumbani someni chochote. Ubavu wa daladala, mfuko wa unga, risiti ya Luku, kanga ya mama. Jumatatu mje mtusimulie. Nilijiona mjanja kweli. Mmoja alituletea maandishi yote ya chupa ya dawa ya mende, tukacheka hadi machozi. Haikunijia kwamba kwenye nyumba zetu kitu chenye maandishi mapya kila siku ni simu, na kwenye simu ya mama wa Mbagala mna mambo.

Na huyu binti si wa kulaumiwa hata chembe. Yuko darasa la tatu. Alipokuja kwetu Januari alikuwa anasoma kitabu kwa kukariri picha. Ukimziba picha, ananyamaza. Shule yao wanaingia kwa zamu, na tangu michango ilipofutwa mwaka 2016 madarasa ya huku yamefurika. Mwalimu mwenye watoto mia na ushei hawezi kuinama kwenye dawati la mmoja, nawatetea kwa sababu nami ni mmoja wao asubuhi. Zamu ya asubuhi wakitoka mchana, mama yuko sokoni, baba yuko kijiweni na bodaboda, mtoto anabaki na barabara. Tuisheni ni mia tano kwa siku. Weka watoto watatu hapo, upige hesabu mwenyewe.

Kwetu hawalipi, na hatuwapangi kwa darasa. Mtoto anapewa karatasi ya silabi, maneno, aya, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili, zilezile ngazi za tathmini ya Uwezo, ile inayopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu. Anapokwama ndipo anapokaa, awe wa la pili au wa la tano. Nilishaeleza kwamba kupanga hivi kumetoka India, kwa shirika la Pratham, walioanza na watoto wa mitaa duni ya Mumbai mwaka 1995. Sisi tuna mkeka wa silabi, mkeka wa maneno, na benchi la wenye hadithi. Wa madrasa wanatufikia saa kumi, wanakuta uji umepoa. Huyu binti alikaa mkeka wa silabi hadi Pasaka. Mwezi uliopita akahamia benchi, akawa hataki hata kwenda kujisaidia asije akapokonywa nafasi.

Alhamisi akaja, akakaa benchi, akafungua kitabu, akafunga mdomo.

Zamu yake ikafika. Akatikisa kichwa. Yule kijana wetu wa chuo akambembeleza, wapi. Macho yanatembea kwenye mstari, midomo imebanwa kama mtu aliyemeza pipi nzima. Moyo wangu ulidondoka. Nikasema basi, tumemharibia. Kazi ya miezi yote ile, sentensi moja imeifuta, na jibu langu la kiofisi juu yake.

Nikamwita pembeni kwa kisingizio cha kukausha vikombe.

"Mama alikugombeza?"

"Hapana."

"Alikupiga?"

"Hapana, madam." Anafuta kikombe kilekile. "Kasema niwe namsomea sikioni."

"Kumsomea nani?"

"Yeye. Meseji zake. Zamani alikuwa anampelekea wakala, yule wa pale kwenye mwavuli. Sasa ananipa mimi."

Nikabaki na kitambaa mkononi.

"Kwa hiyo Jumapili, simu ulijichukulia tu?"

"Mama ndiye alinipa. Alisema msomee baba yako asikie unavyojua." Kisha kwa sauti ya chini kabisa: "Alidhani ni ya bando."

Alidhani ni ya bando, jamani.

Siku mbili nimezunguka na ile sentensi kama ndimu kwenye kidonda, nimeipima kwa wingi na umoja, na sikujiuliza hata mara moja simu ilifikaje mkononi mwa mtoto. Yule mama alikuwa anaringa! Alimpa mwanawe simu mbele ya mumewe, amwoneshe. Na ule ujumbe hakuweza kuujua kabla, kwa sababu herufi kwake ni mapambo.

Nilipaswa kujua. Daftari la wazazi ninalo mimi, wanasaini kila mwisho wa mwezi. Yeye huniambia, "Nitilie wewe mwalimu, mikono ina unga." Ni kweli anapika chapati. Lakini mwaka mzima mikono ina unga? Hata ile Jumapili ya usafi, alipokuja na fagio?

Bibi yangu mzaa mama alisomea kisomo, chini ya mkorosho, akiwa ameshazaa mara tano. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na bibi alikuwa akisema kilichomtoa nyumbani si hotuba, ni kuchoka kupeleka barua za mumewe kwa karani. Kuna mambo mume anamwandikia mkewe, alikuwa akisema, na karani anayasoma wa kwanza. Baada ya Mtu ni Afya, ile kampeni ya afya ya redioni ya 1973, alikuwa anawasomea wenzake kijitabu, na choo walichochimba kilikuwepo mpaka mimi nazaliwa. Ningemkumbuka bibi kabla ya kufungua mdomo Jumanne, ningesema kitu kingine.

Sasa naisikia tofauti. "Mngemfundisha na kunyamaza." Huenda alikuwa anatania. Huenda kulikuwa na tabasamu pale, nusu aibu nusu kicheko, na mimi nilikuwa natazama ndala. Kicheko kimenishika leo jikoni peke yangu, mpaka baba watoto akachungulia kuona kuna nini. Na kwenye benchi binti hajanyamazishwa. Ameanza kusoma kimyakimya, jambo ambalo wa darasa la tano wawili bado linawashinda. Jana nilimuuliza ukurasa aliosoma bila kutoa sauti, akanisimulia wote, akanisahihisha na jina la mbuzi.

Mkopo uko palepale, sina cha kusema juu ya mkopo.

Jumatatu nataka nimwambie mama kitu, na nimeandika rasimu nne. "Mama, kuna mkeka wa silabi pale saa kumi na mbili." Hapana. "Mama, njoo unisaidie uji, halafu…" Hapana, atanijua. Labda nimpe daftari la mahudhurio na kalamu, mikono ikiwa na unga nimletee maji anawe, nikae pembeni. Au hilo litakuwa ukatili. Baba watoto anasema nimwache mtu wa watu apumue. Baba watoto huyu ndiye wa Singida, kwa hiyo ushauri wake una tarehe ya mwisho.

Halafu kuna yule kuku wa mama mkwe. Aliatamia mayai 11, mimi mwenyewe niliweka alama kwenye kalenda, siku 21 zilitimia Alhamisi. Leo Jumamosi hakuna hata ufa. Nimejaribu kuweka yai sikioni, sisikii kitu, nikijaribu la pili ananidonoa. Mama mkwe anafika kesho na basi la Tanga, na jambo la kwanza atakaloulizia, kabla ya wajukuu, mnalijua.