Diski moja, seva mbili: AoE ilivyonitoa jasho

Seva yetu ya ofisi ilikuwa na nafasi ya diski mbili tu, zote zimejaa, na bajeti ya mwaka ilishafungwa. Stoo kulikuwa na kompyuta ya mezani inakula vumbi. Nikaifuta, nikaitia diski mbili za terabaiti 2, nikaichomeka kwenye swichi ileile ya gigabiti ya seva. Mpango ulikuwa kutumia AoE (ATA over Ethernet), yaani kupitisha amri za ATA, lugha ambayo kompyuta huzungumza na diski, ndani ya fremu (vifurushi vya data) za Ethernet, mtandao wa kebo, ili seva ione diski za mbali kama zake.

Najua wengi wangeniambia iSCSI, njia nyingine ya kutumia diski kupitia mtandao. Sina ugomvi nayo, ila inapita juu ya TCP/IP na usanidi wake ni mrefu. AoE haijui IP kabisa: fremu ina alama yake 0x88A2, ina anwani za MAC (namba za kadi za mtandao), basi. Haivuki rauta, na mimi sikutaka ivuke. Mashine zote zimo kabati moja. Tena Linux ina kiendeshi chake ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) tangu toleo la 2.6.11, mwaka 2005.

Diski nilizifunga pamoja kwa programu ya mdadm ziwe RAID 1, yaani kila moja nakala ya mwenzake, kisha nikazitoa mtandaoni kwa programu ya vblade:

vblade 0 1 eth0 /dev/md0

Hiyo 0 ni namba ya rafu, 1 ni namba ya nafasi kwenye rafu. Kwenye seva nikapakia moduli ya aoe, nikaita aoe-discover itafute diski, halafu aoe-stat izionyeshe. Ikajibu: e0.1, 2000.263GB, eth0, up. Nilicheka peke yangu. Nikaiwekea /dev/etherd/e0.1 mfumo wa faili wa ext4 kama diski yoyote iliyomo ndani ya boksi.

Mwanzoni ilijikokota, kwa sababu fremu ya kawaida ya baiti 1500 inabeba sekta mbili tu za baiti 512. Nikapandisha MTU, yaani kiasi cha juu cha data ndani ya fremu moja, hadi 9000 kwenye kadi zote mbili na kwenye swichi (swichi ndiyo husahaulika), ikachangamka.

Miezi miwili mambo yakaenda vizuri. Siku moja nikawa naandaa seva ya pili, ya chelezo. Nikapakia aoe humo nayo, na e0.1 ikajitokeza yenyewe bila kuulizwa nywila, maana itifaki hii haina nywila. Nikajiambia, ngoja nichungulie tu. Nikaipachika kwa hali ya kusoma pekee, nikaona mafolda yote, nikaichomoa, nikaenda kunywa chai.

Sijamaliza kikombe, mama mhasibu kapiga simu. “Mwanangu, hili faili linakataa kuhifadhi. Na lile la jana silioni.”

Kukimbilia seva, dmesg (kumbukumbu za kerneli) imejaa makosa ya ext4, na mfumo wa faili umejifunga, hauandikiki. Nilichokuwa sikijui ni hiki: ext4 ikikuta jarida (daftari lake la mabadiliko) halijafungwa vizuri, hulirudia na kuandika kwenye diski hata kama umesema kusoma tu. Jarida halikuwa limefungwa kwa sababu seva ya kwanza ilikuwa bado inalitumia! Seva ya pili ikadhani umeme ulikatika, ikajitolea “kukarabati” diski iliyo hai. Ningetumia chaguo la noload isingegusa jarida, ingawa hata hapo ningekuwa nasoma vitu vinavyobadilika chini ya miguu yangu.

fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, ilichukua mchana wote. Folda ya lost+found ikajaa mafaili yenye namba badala ya majina, nikayafungua moja moja pamoja na mama mhasibu, yeye akiyatambua kwa tarehe za vocha. Mengine tuliyarudisha kutoka chelezo ya usiku uliopita. Kazi ya asubuhi ile aliiandika upya, na hakunisemesha hadi Ijumaa.

Siku hizi vblade naianzisha na -m ikifuatiwa na anwani ya MAC ya seva moja tu; nyingine zote haizijibu. Anayeiga MAC atapita, lakini mimi nilikuwa najikinga na mimi mwenyewe. Seva ya chelezo inasoma mafaili kwa NFS (njia ya kushiriki mafaili mtandaoni) kupitia seva ya kwanza, kwa hiyo anayeandika moja kwa moja kwenye diski ni mmoja. Juzi swichi ilizima dakika moja hivi baada ya mtu kukanyaga kebo ya umeme. Kiendeshi cha aoe husubiri sekunde 180 kabla ya kukata tamaa, basi kikangoja, swichi ikarudi, kazi ikaendelea. Mama mhasibu hakujua kama kuna kitu kimetokea, nami sikumwambia.