Kanga ya kwanza niliyoikata

Kwa miaka 6 nilishona sare za shule kwenye karakana ya mtu, Temeke. Tulilipwa kwa pisi. Kola, mifuko, marinda, kisha kola tena. Kitambaa alishakata mwingine, rangi ilishachaguliwa na shule, kazi yangu ilikuwa kukanyaga cherehani mpaka jioni. Nilikuwa naumia kwa sababu kichwani nilikuwa na mishono yangu, na hakuna aliyeniuliza.

Gauni la kanga nililiwaza siku nyingi. Mama hakutaka kulisikia. "Mwanangu, kanga ina jina. Ukitia mkasi kwenye jina ni kama umemkatiza mtu maneno." Nilinyamaza, lakini kauli ile ndiyo iliyonipa mkato.

Nilinunua doti moja Mtaa wa Uhuru, imeandikwa jina WEMA HAUOZI. Nikaitandika sakafuni siku 3 bila kuigusa kwa mkasi, nikipita naiangalia tu. Kanga ina kama sentimita 150 kwa 110, na jina hukaa chini, juu kidogo ya pindo. Nikajipima kwa futi kutoka begani hadi chini ya goti: sentimita 108. Kumbe kimo cha gauni kilikuwepo tayari! Pindo la kanga likawa pindo la gauni, jina likapita zima usawa wa magoti, ua la mji, yaani la katikati ya kanga, likatua kiunoni. Ubavuni nikatoa mikono, na yale mapindo mafupi yakaishia kwenye viwiko. Kanga ya pili ya doti, yenye jina lilelile, ikawa mgongo. Nilipoanza kukata, mkono ulitetemeka, lakini sikurudi nyuma. Hakuna herufi hata moja iliyoguswa.

Nililivaa harusini kwa jirani. Usiku ule wanawake 4 waliniomba namba ya simu.

Kuacha kazi kulichukua muda zaidi. Nilisubiri zamu yangu ya mchezo, yaani upatu, nikapata hela ya cherehani iliyotumika, ndipo nikamuaga bosi kwa heshima. Fremu ya duka sikuweza, mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Nikaanzia barazani kwa mama. Miezi 2 ya mwanzo ilikuwa migumu kweli, kuna wiki nilishona zipu za watu tu.

Halafu nikaharibu. Mteja aliniletea kanga nyekundu na nyeupe, mpya, nikaikata vilevile na wanga wake wa dukani. Alipoifua, nyekundu ikachujia kwenye nyeupe na gauni likapanda juu ya magoti. Nilimnunulia doti nyingine nikashona upya, faida ya wiki nzima ikaenda. Tangu hapo kanga yoyote naifua kwanza, naisuuza, naianika kivulini, naipiga pasi, ndipo chaki. Fundi anayeanza, usiruke hatua hii.

Bei nayo ilinitaka ujasiri. Nilisema shilingi 35,000, wakaniambia shoga yetu punguza, tutakulipa mwisho wa mwezi. Kukopesha ndugu na majirani ndiko kunakoua mafundi wengi ninaowajua. Nikawa nachukua nusu kabla ya kukata, hata kwa shangazi yangu. Alinuna siku kadhaa, kisha akalipa.

Sasa nina fremu ndogo na binti mmoja ninayemfundisha. Kila Jumatatu naenda Uhuru mapema, nasoma majina yote kabla ya kuchagua. Ya kusutana nayaacha. Mteja wangu atalivaa gauni ofisini, sitaki limgombanishe na mtu.

Wiki hii nimerudi na doti 8. Moja ina jina refu ajabu, linakaribia kugusa mapindo ya ubavuni pande zote mbili. Nikitoa mikono kama nilivyozoea, nitakata herufi. Iko sakafuni tangu asubuhi, na binti ameshika futi ananisubiri.