Mkate wa siku ya nne

Leo Alhamisi, na mkate nilionunua Jumatatu bado upo. Nimeukata asubuhi kwa kisu cha meno, makombo yakaruka mpaka sakafuni, na naapa leo ndiyo umekolea.

Mimi ni mtoto wa boflo. Nimekulia mkate laini unaobonyea kidoleni, wa kuchovya kwenye chai ya maziwa, nao ukilala siku mbili tatu kwa joto la pwani unaota ukungu. Nilipohamia Bari, kusini mwa Italia, mkate wa Altamura, mji wa jirani, niliuona adhabu. Ganda lake kwa kanuni halipungui unene wa milimita 3. Siku ya kwanza lilinichubua fizi, nikasema hawa watu wanatafuna magome.

Bekari ya mtaani kwetu bado inaoka kwa kuni. Mama muuzaji huniuliza, "Mezzo?", nami naitikia kwa kichwa, anaukata katikati mkate wa kilo, anapima, anafunga kwa karatasi. Siku moja nilimwomba mfuko wa plastiki. Alinitazama kama niliyemtukana mama yake! Kumbe plastiki hulilegeza ganda, na ganda ndilo linalotunza unyevu wa ndani. (Focaccia yao, mkate bapa wa nyanya, siizungumzii hapa. Ile haijawahi kufika nyumbani.)

Ndani mkate ni wa manjano, kwa sababu ya ngano ngumu, jamii ileile ya tambi, iliyosagwa mara mbili. Hauumuliwi kwa hamira ya pakiti, bali kwa donge la unga uliochachuka, linalolishwa unga na maji lisife. Ndiyo maana una ukakasi kidogo, kwa mbali. Zamani wanawake wa Altamura walikanda nyumbani wakapeleka kwenye tanuri la mtaa, kila mkate umegongwa mhuri wenye herufi za jina la familia ili mikate isichanganyike. Wachungaji waliondoka nao malishoni, wakaula siku nyingi. Tangu 2003 jina lake linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya.

Nakiri, bado nachovya kwenye chai ya tangawizi, mlango umefungwa. Ganda linakunywa polepole, halimeguki kikombeni kama boflo.

Kimebaki kipande cha kiganja. Kesho nakirowesha maji, nyanya, kitunguu, mafuta ya zeituni na chumvi. Wenyewe wanaita cialledda.