Karola kangu ka sindano na mashimo ya chunusi

Basi jamani nilinunua karola ka sindano Kariakoo, kale kadogo kama ka kupakia rangi ila kamejaa visindano, maana mashimo ya chunusi mashavuni yalikuwa yananinyima raha tangu kidato cha pili. Muuzaji akanipa ya sindano zenye urefu wa milimita 1.5 eti ndo inafanya kazi haraka, na mimi kwa ujuaji wangu nikajichapa uso mzima siku hiyohiyo na chunusi mbichi mbili zipo kidevuni. Weee! Damu, machozi, halafu wiki iliyofuata kidevu chote vipele maana nilisambaza bakteria mwenyewe kwa mkono wangu, na pale shavuni pakabaki doa jeusi miezi, ngozi zetu hizi nyeusi ukiziudhi zinaweka alama.

Sasa hivi natumia ya milimita 0.3 tu, hiyo ndefu waachie madaktari wa ngozi. Karola naloweka kwenye spiriti ya asilimia 70 kabla na baada, uso umeoshwa, sina chunusi inayouma, napitisha taratibu bila kukandamiza, basi. Usiku huo hakuna vitamini C wala retino (ile krimu ya vitamini A), utawaka moto, mafuta mepesi tu, na kesho yake sanskrini, krimu ya kukinga jua.

Ukweli ni kwamba hii fupi haifukui mashimo, ngozi imelainika kidogo ila yale marefu yenye ncha kama yametobolewa na msumari bado yapo, nayaona kila nikijipiga selfi ya dirishani. Na karola usiazimishe mtu, hata dada yako, ni damu ile.